Hirsi Yuko Kotile

Ndugu wapenzi wa kandanda, nasikitika kuwatangazia kwamba timu yetu imefariki kabla ya kuugua.

Hivyo ndivyo ilivyoanza taarifa niliyobandika kwenye ubao wa matangazo Jumatatu ya kwanza ya Machi, mwaka wa tisini na saba, kati ya orodha ya zamu za kuosha vyoo na onyo la mwalimu mkuu kuhusu mirungi. Sikuwa nafanya mzaha. Watu hudhani kijana aliyewahi kumfungia mbuzi ndani ya maktaba hawezi kuwa na huzuni ya kweli. Nilikuwa nayo, tena ya kutosha bweni zima.

Timu yetu iliitwa Korongo, kwa heshima ya wale ndege wenye vipara wanaosimama juu ya miti karibu na machinjio ya Garissa wakingojea utumbo. Jina lilitufaa. Sisi pia tulikuwa hodari wa kusimama na kungojea. Miaka mitatu niliifuata timu hiyo kila ilikokwenda, nikapigwa mawe kwa ajili yake mara mbili, na sikuwahi kuiona ikivuka raundi ya kwanza ya michezo ya wilaya. Sasa nilikuwa kidato cha nne. Msimu huu ulikuwa wangu wa mwisho.

Taarifa yangu iliipima timu idara kwa idara. Golini tulikuwa na Yakub, na hapo sikuwa na neno. Yakub angeweza kudaka hata dua ikipita. Mabeki wetu wawili wa kati walipendana kiasi kwamba mpira mmoja waliufuata wote wawili, wakaliacha lango likipunga upepo. Nahodha wetu wa katikati alikuwa na mapafu ya ngamia, na kwa bahati mbaya shabaha ya ngamia pia. Na mbele? Mbele hatukuwa na mtu. Mbele alikuwa Hirsi, na Hirsi alikuwa Kotile.

Alikwenda nyumbani kusherehekea Idd, hakurudi. Ukame ulikuwa umekausha kila kitu kusini mwa wilaya. Kaka yake alihamia upande wa Lamu na ng'ombe wenye nguvu, na wale waliobaki, wale wa mifupa mitupu, walimhitaji Hirsi. Mwaka uliotangulia alikuwa ametufungia mabao kumi na moja. Wengine wote kwa pamoja walifunga mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa langoni mwetu.

Yote hayo ningeyavumilia kama si tangazo la mwalimu mkuu. Lori la shule ni moja, alisema mbele ya gwaride la asubuhi. Jumamosi ya wiki ijayo Korongo watacheza mechi ya kirafiki na vijana wa soko la mifugo. Wakifungwa, lori litabeba timu ya mpira wa wavu peke yake kwenda michezo ya wilaya. "Wavu ni watu sita," alisema, "hawali sana, na hawajawahi kufungwa tisa."

Vijana wa soko la mifugo! Wale hupiga mpira kama wanavyowapiga fahali waingie ndani ya zizi, na mpira hutii.

Jioni hiyo nilimwendea Siyad, rafiki yangu wa dawati moja. Siyad alizaliwa mjini Garissa, nyuma ya benki, na alijiona bingwa wa mila zote za Wasomali.

"Lazima tumlete Hirsi," nikamwambia.

"Babake hawezi kumwachilia. Ukimwambia mzee Bare habari za mpira atacheka mpaka ng'ombe watoroke."

"Basi tumwambie nini?"

Siyad akafikiri, akipapasa ndevu ambazo bado hazikuwa zimefika. "Yakub na Hirsi ni ndugu. Mama yake Yakub ni dada yake mzee Bare, ila yeye yuko mbali, Dagahaley, ana duka kule kwenye kambi ya wakimbizi. Yakub akipata shida hapa, aliye karibu ni nani? Ni watu wa Kotile. Mtu akivunjika mguu, kwetu ndugu hawakai. Wanakuja."

"Hirsi atakuja?"

"Mbio."

Naomba ifahamike kwamba nilisita. Nilisita kwa muda unaotosha kufunga kamba za viatu. Kisha nikauona moyoni ule uwanja wetu wa vumbi, na wale mabeki wawili wakiufuata mpira mmoja, nikasema twende.

Mtu aliyetaka kuzungumza na watu wa mbali siku hizo alikwenda kwenye taar, yaani simu ya upepo. Ya karibu ilikuwa nyuma ya soko: chumba kimoja, betri ya gari, waya mrefu uliopandishwa juu ya mti, na Mama Fatumo ameketi mbele ya mashine kama jaji. Taar haina siri. Ukisema neno Garissa linasikika Kotile, Wajir, na kwa kila mtu aliyefungua mashine yake katikati. Siyad akashika kipaza sauti, akazungumza Kisomali. Mimi nilielewa maneno mawili tu: Yakub, na lug, ambayo ni mguu. Sauti ya Kotile ikakohoa, ikaahidi kuufikisha ujumbe visimani.

"Bole sana," Mama Fatumo akaniambia tulipoinuka, kwa lafudhi ya Kisomali inayogeuza p kuwa b na v kuwa f. "Mungu atambonya huyo kijana."

Nikasema amina.

Tulingoja siku tisa. Kila alasiri nilikwenda barabarani kuangalia malori ya kusini. Mazoezini hali ilizidi kuwa ya mazishi. Mwalimu Martin, kocha wetu na mwalimu wa jiografia, mtu wa bara kama mimi, alimjaribu mbele kijana wa kidato cha kwanza ambaye kila alipopewa mpira aliurudisha kwa adabu. Alimjaribu mpishi. Mpishi alikuwa na kasi nzuri, lakini alicheza akitazama jikoni.

"Mwalimu, una maoni gani kuhusu Jumamosi?" nikamuuliza, kalamu mkononi.

"Justus, umewahi kuona mto ukienda juu ya mlima?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi andika hivyo."

Siku ya kumi, Jumatano, lori la Kotile likasimama. Nilikuwa na Siyad. Wakashuka mbuzi wawili, magunia, mama na mtoto. Kisha akashuka mzee mrefu mwenye ndevu za hina, na nyuma yake mzee mwingine, mfupi, aliyebeba kwapani fungu la fito nyembamba na vipande vya ngozi mbichi vilivyokunjwa. Lori likaondoka.

"Hirsi yuko wapi?" nikauliza.

Siyad akalifuata lori kwa macho. Alikuwa ameanza kuelewa kabla yangu, na rangi ya uso wake ilinitisha.

Mzee mrefu akaona sare zetu za shule, akaja. "Nyinyi najua Yakub?"

"Tunamjua, mzee."

"Mimi ni Bare. Abti yake, mjomba yake. Analia?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Anavumilia."

"Mwanaume." Akamwonyesha mwenzake. "Huyu Mzee Issack. Anafunga mifuba. Kama imefunjika fibaya, iko huyu."

"Na Hirsi, mzee? Hakuja?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini jua halikuja usiku. "Hirsi iko na ng'ombe. Mtu akifunjika, mtoto atafanya nini? Mkubwa ndio anakuja. Mimi nakuja, Hirsi lazima akae. Sasa hata kwenda kisimani na kurudi ni yeye beke yake."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya akili zetu mbili zilizosomeshwa: tulikuwa tumemfunga Hirsi kamba Kotile kwa mikono yetu wenyewe.

Siyad akawakaribisha wazee chai ya maziwa ya ngamia katika hoteli ya jirani. Kabla hajaondoka nilimshika shati.

"Ulisema unajua mila!"

"Nilizaliwa nyuma ya benki, Justus," akaninong'oneza. "Sijawahi kuchunga hata kuku."

Nikakimbia bwenini. Yakub alikuwa ameketi kitandani akishona glavu zake kwa uzi wa gunia.

"Yakub, ndugu yangu, lala chini."

"Kwa nini?"

"Umevunjika mguu."

Akaitazama miguu yake yote miwili. "Mguu upi?"

"Chagua."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanirushia glavu, halafu kiatu, halafu kile kiatu kingine. "Mimi naenda kumwambia abti ukweli sasa hivi," akasema, akasimama. Alifika mlangoni, akasimama tena, akaegemea fremu.

"Amekuja na nani?"

"Na mzee anayeunga mifupa."

"Mzee Issack?" Akafunga macho. "Basi watu wa kila kisima wanajua. Abti amewaacha ng'ombe katika ukame huu, amemchukua Mzee Issack, amesafiri, halafu arudi aseme ilikuwa mchezo wa watoto wa shule? Watamcheka mpaka mvua inyeshe." Akarudi kitandani taratibu, akalala, akanyoosha mguu wa kulia. "Nyinyi wawili," akasema akiangalia dari, "Mungu awape watoto kama nyinyi."

Wazee wakaletwa. Mwalimu Martin naye akafuata, kwa sababu habari za mguu uliovunjika hufika kila mahali isipokuwa pale zinapotakiwa. Yakub akaguna vizuri. Mzee Issack akapiga magoti, akaupapasa mguu kutoka gotini hadi kifundoni kwa vidole viwili, polepole, kichwa ameinamisha upande kama anayesikiliza redio iliyopunguzwa sauti. Alifika chini, akarudi juu. Kisha akaniangalia mimi. Akamwangalia Siyad. Akasema maneno machache kwa Kisomali.

"Anasema umevunjika kabisa," Siyad akatafsiri, midomo imemkauka. "Anasema siku arobaini."

"Siku arobaini!" Mwalimu Martin akashika kichwa.

Mzee Issack akapanga fito kuuzunguka mguu, akazungushia nguo, akakaza kwa ngozi mbichi. Ngozi hiyo ikikauka hukaza zaidi. Yakub akaguna tena, na safari hii hakuwa akiigiza.

Usingizi haukunijia kirahisi. Asubuhi ya Alhamisi niliketi nyuma ya darasa kuandika taarifa mpya ya hali ya timu, na nilipofika golini nikasita. Mbele hakuna. Golini hakuna. Mpira unahitaji sana kimojawapo. Wiki moja na nusu kabla, tulikuwa timu mbovu yenye golikipa. Shabiki wake mwaminifu kuliko wote alikuwa ameishughulikia, na sasa hata golikipa hatukuwa naye. Nilirarua karatasi, nikatoka kwenda kwenye hoteli ambako mzee Bare alikuwa akinywa chai peke yake.

"Mzee," nikasema, "Yakub ni mzima. Mimi ndiye niliyepanga uongo. Siyad alizungumza tu."

Akanywa funda moja. "Najua."

"Unajua?"

"Mzee Issack anajua bale alibogusa. Alisema mguu hii ni mzima kuliko yangu. Lakini alisema, mtu akiita fundi ya mifuba kutoka Kotile, lazima abate kazi ya fundi."

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Mlitaka nini?" akauliza.

"Hirsi. Tuna mechi Jumamosi. Tukifungwa, hatuendi wilayani. Na mimi namaliza shule mwaka huu."

"Wewe unacheza?"

"Hapana, mzee. Mimi ni shabiki."

Akaongeza chai kikombeni. "Kwa nini hukusema mbira?"

"Ungekubali?"

"Hapana," akasema mara moja. "Ningekataa. Lakini wewe ungekuwa umeomba, na mimi ningekuwa kwa ng'ombe yangu." Akaweka kikombe chini. "Wewe unataka Hirsi. Mimi nataka mtu ya ng'ombe. Una mikono?"

Niliitazama mikono yangu. Ilikuwa na wino.

"Ninayo, mzee."

"Haya."

Sasa ndugu wapenzi wa kandanda, fikirini. Ningeenda Kotile, Hirsi angekuja Garissa. Mechi ambayo nilikuwa nimedanganya na kuitikia amina kwa ajili yake ingechezwa bila mimi. Nilitafuta njia nyingine kwa bidii zote, na mimi ni mtu mwenye njia nyingi. Haikuwepo.

Mwalimu Martin aliposikia maungamo yangu alinifukuza kwa wiki mbili kabla sijamaliza sentensi. Mama yangu, muuguzi aliyehamishiwa Garissa kutoka Meru, akaitwa. Nilitumaini angenitetea. Alimsikiliza mzee Bare kwa heshima, kisha akauliza swali moja tu.

"Huko kuna kazi ya kutosha?"

"Iko nyingi, mama."

"Mchukue."

Mzee Issack akazikata kwa kisu kidogo zile ngozi alizofungia mguu wa Yakub. Siyad akatafsiri kwamba katika maisha yake yote hajaona mfupa uliopona kwa siku moja, na kwamba pengine ni hewa ya shule. Yakub akakimbia kuzunguka bweni mara tatu, kisha akaja kunipa mkono. Aliuminya mpaka nikapiga magoti.

Tulifika Kotile Ijumaa asubuhi. Hirsi alikuwa kisimani. Nilimpita bila kumtambua: mabega yamechongoka, midomo imepasuka, miguu ile ya mabao kumi na moja imekuwa kama fimbo aliyoshika. Alipoambiwa kwamba lori linarudi Garissa adhuhuri naye atakuwemo, hakuruka wala hakucheka. Alinionyesha ng'ombe mmoja mmoja.

"Huyu anapiga teke. Huyu usimwache alale juani. Yule mwekundu asubuhi hasimami mwenyewe, lazima ainuliwe. Ukimwacha mpaka saa tatu, amekufa."

"Na Jumamosi je, una maoni gani?" nikamuuliza. Ilibidi nimuulize.

"Sijagusa mpira tangu Idd, Justus." Akapanda lori.

Siku ya Jumamosi sikuwa na saa, lakini nilijua saa kumi ilipofika. Kivuli changu kilinyooka upande ule ambao hulala kwenye mstari wa pembeni mechi zinapoanza. Nilikuwa nateka maji na mzee Bare, ndoo baada ya ndoo, viganja vimetoka malengelenge, na midomoni natangaza mechi nisiyoiona. Yakub anaanza. Beki anampa beki. Hirsi, Hirsi, Hirsi! Ng'ombe walikunywa bila maoni.

"Hii itafika mfua," mzee Bare akasema akimwangalia ng'ombe mmoja akinywa. Akamgeukia mwingine. "Hii, labda." Akamtazama yule mwekundu. "Hii, hata Mungu anafikiri."

Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote. Alikuwa anaisoma timu yake.

Jumapili hakuna lori. Kila msafiri aliyefika kisimani aliulizwa habari, na kila mmoja alizitoa kwa mpangilio wake: amani, watu, malisho, mvua iliyosikika radi yake mahali fulani. Mimi nilingoja mwisho, nikauliza mpira. Walinitazama kwa huruma na kumuuliza mzee Bare kama nilikuwa na homa.

Jumatatu asubuhi, tulipokuwa tumemzunguka yule mwekundu aliyekuwa amelala chini, lori likapita na mtu mmoja akashuka. Nilimjua kwa mwendo. Nilijaribu kuusoma mwendo huo: mtu aliyeshinda hutembea hivi? Alikuwa mbali mno, na alitembea kama mtu aliyechoka tu.

Hirsi akafika, akamsalimu baba yake. Baba akauliza habari, na nilishuhudia, kwa macho yangu, mtoto akimpa baba yake habari zote za njia. Amani ipo. Daraja ni zima. Shangazi Dagahaley hajambo. Bei ya mbuzi imeshuka. Radi ilisikika upande wa Bura. Nilikuwa nimeshika pembe ya ng'ombe, na nadhani niliiminya kupita kiasi.

"Na mbira?" mzee Bare akauliza. Aliniangalia kidogo. "Huyu anakufa."

"Tumefungwa," Hirsi akasema. "Mbili kwa moja. Dakika ya mwisho, penalti. Yakub aliigusa, ikaingia. Wavu ndio watakaokwenda."

Upepo ulipita na vumbi lake. Nilitaka kusema neno la heshima, la kuagana na msimu, na mimi sikosi maneno. Sikulipata. Macho yaliniwasha, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye pembe sikuweza kuyafuta na kusingizia vumbi.

"Moja alifunga nani?" nikauliza hatimaye.

"Mimi."

"Kwa mguu upi?"

"Justus, ng'ombe anakufa."

"Upi?"

"Wa kushoto."

Mzee Bare akaweka fimbo chini, akaingiza mikono chini ya kifua cha yule mwekundu. Hirsi akatupa mfuko wake, akazunguka upande wa pili. "Shika mkia," akaniamuru.

Nikaachia pembe, nikashika mkia kwa viganja vilivyochubuka. Ng'ombe alikuwa mwepesi kwa kukonda, na mzito kwa kukata tamaa.

"Ndani ya boksi au nje?"

"Inua!"

Nikainua. Miguu ya nyuma ikatetemeka, ikakubali nusu, ikakunjika, tukamdaka.

"Nje," Hirsi akasema huku anahema, shavu lake limebanwa kwenye mbavu za ng'ombe. "Mbali. Sasa inua tena."